Barua za Kupimia Macho

Kadi yangu ya kupimia macho iliharibika mwezi wa Machi, pale Nyabugogo, kituo cha mabasi cha Kigali, mvua ilipoingia kwenye mkoba wakati nashuka kwenye pikipiki. Ilikuwa na plastiki upande mmoja tu, na ule upande wa pili ukanywa maji yote. Herufi zilivimba hata mimi nisiye na tatizo la macho sikuweza kuzisoma. Siku hiyo nilikuwa na miadi Kimisagara, kwenye ushirika wa mafundi cherehani, wanawake kumi na wanne ambao karibu wote wamevuka miaka arobaini. Muuza miwani ya kusomea hawezi kuahirisha miadi ya namna hiyo. Nikapekua mkoba, nikakuta rasimu ya barua niliyokuwa namwandikia mke wangu, nikampa fundi wa kwanza.

"Soma hapo, mama," nikasema.

Huyo wa kwanza alikuwa Gaudiose, mama mnene anayekaa karibu na mlango ili apate mwanga. Alikuwa ameshawahi kupimwa na mimi kwa ile kadi, akaniapia anaona vizuri, kumbe alikuwa amewasikia wenzake wakiisoma, naye akaikariri. Safari hii hakuwa na cha kukariri. Akaisogeza karatasi mbali, akaivuta karibu, akakunja uso. Nilipomvalisha miwani ya namba mbili midomo ikaanza kutembea, halafu akaangua kicheko.

"Mutoto yako iko na jino inatingisika, na weye unasema aifunge na uzi! Unataka aumie?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba barua inapima macho kuliko kadi. Kadi haina habari, mtu akishindwa mstari wa tatu anakuambia basi inatosha. Barua mtu anataka kuimaliza. Anahangaika na namba moja, anaomba moja na nusu, anaomba mbili, mpaka apate itakayomfikisha kwenye jina la chini. Kwa hiyo sikununua kadi nyingine.

Nieleze hizo barua zilitoka wapi. Mimi na mke wangu Pamela tuna makubaliano ya tangu mwaka wa pili wa ndoa. Tulikuwa tunagombana sana kwenye simu. Mtandao unakata, mmoja anadhani mwenzake amemkatia makusudi, anapiga tena akiwa na hasira mpya. Siku moja Pamela akasema, kuanzia leo simu ni ya salamu tu, jambo lolote zito liandikwe. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, akisema jambo linakuwa ratiba. Mimi niliishia darasa la saba, na kuandika nimejifunza kwa kuandika. Kila barua naiandika mara mbili. Kwanza rasimu, ambayo nisichokipenda nakikata kwa rula, mstari mmoja tu ili niweze kuona nilichokikataa. Kisha nakala safi, naikunja mara tatu, naitia kwenye bahasha. Dereva wa basi la Kahama, Sharif, anaichukua jioni pale Nyabugogo, anaondoka nayo alfajiri, anaishusha Benako kwenye kibanda cha vocha. Benako ni mji mdogo upande wa Tanzania, mwendo wa nusu saa kutoka mpaka wa Rusumo. Ndipo Pamela anapofundisha, na ndipo anapokaa na binti yetu Pretty mwenye miaka tisa.

Ukihesabu, nyumbani kwangu ni safari ya nusu siku kutoka Kigali. Jambo gumu pekee ni saa, maana Tanzania iko mbele kwa saa moja. Miaka yote nimekuwa nasogeza mshale wa saa yangu ya mkononi nikiwa katikati ya daraja la Rusumo, mbele nikienda, nyuma nikirudi. Hata hivyo nilikuwa nakwenda nyumbani mara moja kwa miezi mitatu, na siku ya nne nilikuwa nimeshapanga mkoba.

Kigali huruhusiwi kuchuuza barabarani, kwa hiyo nilikuwa nakwenda kwa miadi walipo watu: Jumanne Nyakabanda kwa mafundi na wenye maduka, Jumatano Kimisagara, Alhamisi ofisini Kacyiru wakati wa mapumziko. Kila nilikofika, rasimu ilifika. Mwanzoni nilijiambia watu hawa hawamjui Pamela, na barua zake yeye sikuwahi kumpa mtu, nilikuwa natoa maneno yangu tu. Lakini watu hawakusoma kama kadi. Mwezi wa Mei fundi mmoja wa Nyakabanda aliniita toka ng'ambo ya barabara: "Bwana Miwani! Lile paa lenu la Benako bado linavuja?" Nikajibu limezibwa. Nikajikuta nimefurahi kuulizwa, kisha nikaona aibu, kisha nikaendelea na kazi.

Barua iliyoleta mambo niliipokea Jumatatu, wiki ya kwanza ya Oktoba. Pamela aliandika hivi:

*Baba Pretty, magoti ya mama yamemzidi, sasa anatembea kwa kushika ukuta. Nimepewa fomu ya uhamisho. Naweza kuomba Rungwe nikawe karibu naye, au naweza kubaki hapa. Mwalimu mkuu anazipeleka fomu halmashauri Ijumaa saa nne asubuhi. Tangu tuhamie hapa mpakani ni miaka sita, kwa sababu ulisema ni karibu na njia zako. Wakati ule njia zilikuwa Bujumbura, sasa ni Kigali, na kila mahali ulisema miezi sita. Sikulaumu. Ila niambie, nikibaki nitakuwa nasubiri nini? Nijibu kabla ya Ijumaa. Na tafadhali usiandike herufi ndogo. Siku hizi Pretty ndiye ananisomea barua zako, anapenda.*

Niliisoma nikiwa nimesimama, kwa sababu nilishindwa kukaa. Kutoka Benako hadi Rungwe ni siku mbili za basi. Akienda huko, ile nusu saa kutoka mpakani, iliyonifanya nijione mtu aliye karibu na nyumbani, inakwisha. Akibaki, anabaki kwa neno langu. Nilizunguka chumbani, nikatoka nje, nikapanda kilima chote hadi barabara ya lami bila sababu, nikashuka.

Kesho yake kabla ya kazi niliandika rasimu. Nilianza na salamu. Nikaandika kuhusu mvua, kuhusu fremu mpya nyepesi zinazopendwa na vijana wa ofisini, na kwamba mama mkwe ajaribu kukandwa kwa maji ya moto. Ukurasa ukajaa. Nilipofika kwenye fomu kalamu ikaandika yenyewe:

*Ukweli ni kwamba nikiwa nyumbani, siku ya tatu naanza kuhesabu. Pretty akinishika mkono mimi natazama saa. Sijui kwa nini niko hivi. Naogopa kwamba nikikaa mahali pamoja nitawachukia ninyi, wakati ninyi hamjakosa lolote.*

Nikayatazama maneno hayo. Nikachukua rula, nikayakata, mstari baada ya mstari. Mahali pake nikaweka: *Kuhusu fomu, jambo hilo linahitaji utulivu. Tutalizungumza nikija baada ya mvua.* Nikanakili barua safi, nikaikunja mara tatu, nikaiweka kwenye jalada. Rasimu nikaiweka juu yake, ya kufanyia kazi.

Wa kwanza kuisoma alikuwa mzee Ilyasi, fundi wa kanzu wa Nyakabanda, ambaye babu yake alikuja huku na wafanyabiashara wa pwani na Kiswahili hakijawahi kutoka nyumbani kwao. Alikuwa anataka kubadilisha namba. Nilikuwa nimeikunja rasimu ili ile sehemu iliyokatwa ibaki chini, hakuiona. Akasoma na namba mbili, akasoma na mbili na nusu, akaishusha miwani puani.

"Hii mbili na nusu ndiyo," akasema. "Naona mpaka nukta. Jibu tu ndilo silioni."

"Jibu gani, mzee?"

"Sijui. Barua hii ni ya mtu aliyeulizwa kitu. Unamwambia mkeo utulivu. Mtu aliyetulia haambiwi utulivu, anaambiwa mtu anayengoja." Akaokota chaki ya kukatia kitambaa, akachora mstari pembeni ya karatasi, pale penye *baada ya mvua*. "Mvua ipi, bwana? Ya mwaka gani?"

Vijana wawili waliokuwa wanapiga pasi wakacheka. Mimi nikacheka pia, nikamfungia miwani yake, na nilipotoka nilikuwa natembea haraka kuliko kawaida. Siku ile nilikwenda maduka sita, na katika kila duka nilikaa dakika chache, natamani niwe kwenye duka linalofuata.

Jumatano Gaudiose hakuwa na haja ya miwani mpya, skrubu moja tu ilikuwa imelegea. Lakini alinyoosha mkono kama mtu anayedai gazeti.

"Leta barua ya leo, Mutanzania."

"Leo hakuna cha maana."

"Leta. Nipime kama skrubu imekaza."

Nikampa. Yeye hakuiheshimu ile mikunjo. Aliifungua yote juu ya meza, akasoma mpaka mahali palipokatwa, akapita na kidole juu ya mistari ya rula polepole. Cherehani yake ilikuwa imesimama. Nilijifanya nahesabu fremu.

"Hapa umekata," akasema.

"Nimekata."

"Lakini inasomeka."

"Nakata hivyo ili nijue nilichokosea."

"Kosa iko hapa?" Akagonga ile mistari. Kisha akagonga chini. "Au iko hapa, ya mvua?"

Akaniangalia juu ya miwani niliyomuuzia mwenyewe. "Ayi we! Barua ndefu hivi, maji ya moto, fureemu, mvua. Mama Pretty anauliza kitu moja. Jibu haiko."

"Gaudiose, hiyo si kazi yako."

"Nani aliniletea hapa juu ya meza? Mimi nilikuita?"

Wenzake wakapiga vigelegele vya kunizomea. Mmoja wa wasichana wa nyuma akaniita nimwangalizie mama yake miwani, nikaenda. Nilipogeuka nilimwona Gaudiose ameweka karatasi yangu chini ya kitambaa, anaipiga pasi. "Imejikunja kama shati ya mulevi," akasema. Sikushangaa, yule mama anapiga pasi hata noti. Aliniambia ana kalamu, anajaribu kuona kama anaweza kuandika na miwani, nikamwambia aandike tu, maana wateja wengi huwa nawaandikisha majina nyuma ya karatasi. Mwishowe akaikunja mara tatu, vizuri, akaniwekea kwenye jalada mwenyewe.

Jioni, pale Nyabugogo, Sharif alikuwa tayari anafunga mlango wa buti. Nilifungua jalada, nikachukua karatasi iliyonyooka, iliyokunjwa mara tatu, nikaitia kwenye bahasha na kuilamba. "Salamu kwa shemeji," akasema Sharif.

Alhamisi nilikuwa Kacyiru, kwenye ofisi ya Kagabo. Kagabo ni karani, kijana bado, ila kompyuta imemchosha macho. Ilikuwa saa nne. Nilimpa karatasi akasoma kwa sauti ya mtu anayesoma kumbukumbu za kikao, toka salamu hadi jina. Akairudisha.

"Leo umeandika kama wizara," akasema. "Hakuna hata mstari mmoja wa kukata. Mimi nilikuwa nasoma zile za kukata."

Nikaitazama. Ilikuwa safi. Haikuwa na chaki ya Ilyasi wala alama ya pasi. Nikafungua jalada, nikalifungua tena, nikamwaga mkoba wote juu ya meza yake, miwani na vitambaa vya kufutia. Rasimu haikuwepo. Basi la Sharif lilikuwa limeondoka tangu alfajiri.

Jambo la kwanza lililonijia si Pamela. Pamela ni mtu mzima, ameniona miaka kumi na mbili. Nililokumbuka ni lile neno, *Pretty ndiye ananisomea*. Pretty anapotoka shule hupitia kibanda cha vocha saa kumi jioni, huchukua barua, huipeleka nyumbani, huifungua. Angesimama mbele ya mama yake na kusoma kwa ile sauti yake ya darasani. Na mistari ya rula haimzuii mtoto.

Nikapiga simu. Ilikuwa wakati wa mapumziko shuleni kwao, akapokea.

"Mama Pretty, hamjambo?"

"Hatujambo. Habari za huko?"

"Nzuri. Sikiliza, kuhusu barua—"

"Ya barua tutayaona kwenye barua," akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu aliyechoka kushika mlango uliofunguka nusu. "Simu ni ya salamu, Baba Pretty. Leo ndiyo siku ya mwisho, nitasoma ulichoandika, basi. Usiniongezee kitu cha mdomoni."

"Sawa," nikasema. "Msalimie Pretty."

Nilibaki nimeshika simu. Ningeweza kupiga tena. Ningeweza kusema usifungue, nimekosea bahasha. Lakini ningemwambia asome nini badala yake? Ile nyingine, ambayo hata Kagabo imemsinzisha?

Pikipiki ikanifikisha Nyabugogo, nikapata basi la Rusumo la saa tano. Nilipiga hesabu kama ninavyopiga kila kitu. Saa tatu na nusu barabarani, mpakani saa nane na nusu. Nusu saa ya kugonga mihuri, nusu saa ya gari hadi Benako. Saa tisa na nusu ningekuwa kibandani, na bahasha ningeichukua mwenyewe kabla ya mtoto. Ningeichana. Baada ya hapo sikuwa na mpango.

Basi lilipita Kayonza. Sikuweza kutazama nje wala kufumba macho. Nilitoa barua ya Pamela nikaisoma tena, na kwa kuwa nilikuwa nimeijua yote, nikaanza kuitazama tu jinsi ilivyoandikwa. Herufi zilikuwa kubwa. Siku ile ya kwanza nilidhani ni hasira. Ndani ya jalada huwa naweka barua zake za miaka hii minne, kwa mpangilio wa tarehe, nikatoa ya zamani kuliko zote na kuanza kuhesabu. Miaka minne iliyopita mstari mmoja wa Pamela ulichukua maneno kumi na moja. Mwaka uliofuata kumi. Mwaka jana saba. Hii ya Jumatatu, maneno matano kwa mstari. *Usiandike herufi ndogo.* *Pretty ndiye ananisomea.*

Mke wangu alitimiza miaka arobaini na mbili mwezi wa Juni. Nimeuza miwani ya kusomea kwa watu wa mitaa mitatu ya Kigali kiasi kwamba wananiita Bwana Miwani, na mke wangu alikuwa haoni karibu, na nilikuwa na ushahidi kwenye jalada, kwa tarehe.

Nilishuka Rusumo saa nane na nusu kamili kwa saa yangu. Nikapita kwa maofisa, nikavuka daraja kwa miguu huku nakimbia kidogo, maji yakinguruma chini, nikapata gari. Saa tisa na dakika ishirini na tano nilikuwa mbele ya kibanda cha vocha, natweta.

"Barua yangu," nikamwambia mwenye kibanda.

"Barua gani, baba? Mtoto amechukua."

"Mtoto hutoka saa kumi."

"Sasa ni saa kumi na nusu karibu," akasema, akanionyesha simu yake.

Nikatazama mkono wangu. Daraja nililivuka bila kusimama. Miaka yote nimesogeza ule mshale, na siku hiyo moja nilikuja nyumbani na saa ya Kigali.

Kutoka kibandani hadi nyumbani ni dakika tano. Nilitembea taratibu, kwa mara ya kwanza wiki ile sikuwa na pa kuwahi. Walikuwa wamekaa barazani. Karatasi ilikuwa mapajani kwa Pretty, imenyooka kama shuka la hospitali. Aliponiona alisimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama."

Siku zote hukimbia kunishika mkono. Alibaki pale pale, mikono nyuma. Pamela hakusimama.

"Imefika," akasema.

"Nimekosea bahasha."

"Nimeona. Nimepata na salamu za Gaudiose." Akamgeukia mtoto. "Msomee baba yako za nyuma."

Pretty akageuza karatasi. "*Mama Pretty, mimi iko fundi wa Kimisagara. Huyu mutu anakupenda lakini anaogopa. Yale amekata ndiyo jibu. Gaudiose.*" Akainua macho. "Baba, mwalimu wetu anasema ukikata hivyo maneno bado yanahesabika. Ukitaka yasisomeke unachora-chora."

"Najua," nikasema. "Umesoma yote?"

"Yote. Mama aliniambia niache, nikawa nimeshasoma."

Nikavua saa mkononi nikampa. "Iko nyuma," nikasema. "Nimesahau kuisogeza. Nisaidie." Akaipokea, akamtazama mama yake, akavuta kile kitufe kwa kucha na kuanza kuzungusha mshale kwa uangalifu mkubwa, ulimi ukiwa pembeni ya mdomo. Alipomaliza hakunirudishia. Aliivaa, ikampita hadi kwenye kiwiko.

"Barua zangu zinasomwa na Kigali nzima?" Pamela akauliza.

"Zako hapana. Zangu. Napimia watu macho."

Akaanza kucheka kile kicheko chake kisicho na sauti, na machozi yakawa yanatoka, na sikuweza kujua ni ya nini. "Miaka yote hii," akasema, "nangoja barua, kumbe fundi cherehani anaisoma kabla yangu. Na yeye ndiye anayenijibu."

Nilifungua mkoba, nikapanga miwani barazani, moja, moja na nusu, mbili. Nikamwomba anipe kitu cha kusoma. Akaingia ndani, akarudi na ile fomu. Kwa namba moja alikunja uso. Kwa moja na nusu uso ukalegea. Akasoma kimya, kisha akasoma kwa sauti, pole pole, vile vimaandishi vidogo vya chini ambavyo serikali huviweka hapo ili visisomwe.

"Kumbe ndivyo ilivyoandikwa," akasema. "Mimi nilijaza kwa kuelekezwa."

Nikaona. Ilikuwa imeshajazwa. Kituo anachoomba, Rungwe. Sababu, kumuuguza mzazi. Tarehe ya Jumatatu iliyopita.

"Ulikuwa umeshaamua?"

"Mama yangu anatembea kwa kushika ukuta, Baba Pretty. Nilikuwa siombi ruhusa. Niliuliza nitakuwa nasubiri nini, na umenijibu, hata kama ni kwa makosa." Akaiweka fomu mbele yangu, akaweka kidole mahali. *Watakaohama na mtumishi.* Mstari wa kwanza ulikuwa na jina la Pretty. Mstari wa pili, *mwenzi wa ndoa*, ulikuwa mtupu. "Hapo sikukuandika. Sikujua niandike nini. Jaza au usijaze, lakini usiniambie mvua."

"Nikikaa siku ya tatu nitaanza kuhesabu."

"Nimesikia. Nimesomewa na mtoto. Sijakuambia uache kutembea. Tembea. Mbeya kuna mafundi, Kyela kuna walimu. Ila jioni uwepo, na ukianza kuhesabu uniambie umefika ngapi, usiende kuandika habari za fremu."

Niliishika kalamu. Mguu wangu wa kulia ulikuwa unatikisika chini ya kiti kama mguu wa mtu anayeendesha cherehani, nikajaribu kuutuliza, ukakataa. Pretty aliuona. Akaja akasimama karibu, hakunigusa, akautazama ule mguu kwa makini, halafu akatazama saa yake mpya.

"Dakika mbili sasa," akasema. "Andika, baba."

Niliandika jina langu, *Lusekelo*, na la baba yangu. Mguu haukuacha kutikisika hadi nilipomaliza, na hata baada ya hapo.

Nilirudi Kigali Jumapili kufunga mambo. Uhamisho ulichukua mwezi na nusu kupita, na katika muda huo nilizunguka kwa wateja wote kuwaambia, kwa mpangilio, Nyakabanda, Kimisagara, Kacyiru. Nilikuwa nimenunua kadi mpya, ya plastiki pande zote mbili. Mzee Ilyasi aliisoma mpaka mstari wa mwisho, akasema ni kadi nzuri na kwamba haina faida yoyote.

Gaudiose hata hakuipokea.

"Hii haina habari," akasema. "Mama Pretty alisema nini?"

"Anakusalimu. Anahamia Rungwe. Na mimi nahamia."

"Utaweza kukaa?"

"Sijui," nikasema. "Nimeandika jina."

Akaitika kwa kichwa, akarudi kwenye mshono wake. Nilitaka kumuuliza kama siku ile alipoikunja ile karatasi mara tatu alijua ni ipi. Nikamtazama anavyoingiza uzi kwenye sindano kwa mara moja tu, kwa miwani niliyomuuzia. Sikumuuliza.

"Na barua?" akasema bila kuinua macho. "Najua iko barua. Umeshika mufuko tangu umeingia."

Ilikuwepo. Ilikuwa imefika asubuhi ile na Sharif, ukurasa mmoja. Niliitoa nikaonyesha bahasha tu, akanyoosha mkono, nikairudisha mfukoni.

"Hii si ya kupimia," nikasema.

Nje niliifungua tena, nikiwa nimesimama kwenye ukuta wa karakana, watu wakipita na vitambaa mabegani. Ilikuwa ya lori la mizigo na tarehe yake, na swali moja mwishoni: *Umefika ngapi?* Mwandiko ulikuwa mdogo. Nikahesabu mstari wa kwanza, maneno kumi na moja. Nikatafuta kalamu ili nimjibu pale pale, kabla sijaenda kokote.